Homa ni Malaria, Tumbo ni Amiba, Kilichobaki ni UTI

Ukifungua redio asubuhi hapa Mwanza hukosi kumsikia mtaalamu anatusema. Wananchi hawamalizi dozi. Wananchi wanajinunulia dawa madukani kama karanga. Wananchi wakipata nafuu siku ya pili wanaficha vidonge vilivyobaki kwenye kabati la vyombo, vimsubiri mgonjwa mwingine. Ndiyo maana vimelea vinazoea dawa, anasema, na mtangazaji anaitikia "naam, naam", kisha anaweka wimbo. Sisi tunabaki na lawama na kikombe cha chai.

Hatukatai. Vidonge vya kabatini vipo Igoma, vipo Buhongwa, vipo Kirumba mwaloni, na hata nyumbani kwa huyo mtaalamu tukiruhusiwa kupekua havitakosekana. Lakini dozi haianzi kukatishwa nyumbani. Inaanza kukatishwa mezani kwa daktari, pale mtu anapoingia na homa akatoka na dawa za aina tatu bila kuguswa hata paji la uso.

Kwa wasiopanga foleni siku hizi, mambo huwa hivi. Unanunua daftari getini, maana bila daftari hakuna pa kuandikia. Unakaa benchi tangu saa moja, unaitwa saa tano. Daktari ni kijana mpole, amechoka, kabla yako ameshaona umati na nyuma yako upo mwingine. Haki yake tumpe: si yeye aliyepanga daktari mmoja kata nzima.

"Shikamoo mzee. Tatizo?"

"Marahaba. Homa, daktari. Na kichwa. Na tumbo linasokota."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi jioni."

"Haya, nenda maabara, ukipata majibu urudi."

Hajauliza kama unakohoa, umetoka safari gani, unakunywa maji ya wapi, wala dawa uliyomeza kabla hujaja. Maabara unatobolewa kidole, unapewa vikopo viwili, kimoja cha mkojo na kimoja cha choo, na majibu yanatoka ambayo benchi zima lilishayajua: malaria wadudu wawili, amiba, na UTI kidogo. Hiyo "kidogo" hatujawahi kuelezwa inapimwa kwa nini. Mtaani imeshakuwa utani. Homa ni malaria, tumbo ni amiba, na kama huna homa wala tumbo, basi una UTI. Unatoka na mseto wa malaria, Flagyl, sipro na Panadol, mfuko unalia kwa vidonge, na jina la ugonjwa wako hulijui vizuri kuliko ulivyolijua ulipoingia.

Tungenyamaza kama ingekuwa ni hisia zetu tu. Lakini wenye elimu walishaandika. Mwaka 2004 zilichapishwa habari za hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa nchi yetu: kati ya wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokutwa na vimelea kwenye damu hawakufika nusu. Hao wengine walikuwa wanaumwa kitu kingine huku wanatibiwa malaria. Miaka kumi baadaye, 2014, ukachapishwa utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara. Watoto 1,005 waliofikishwa kliniki na homa walipimwa karibu kila kitu kinachopimika. Wenye malaria walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi ya hayo yalikuwa ya virusi, ambayo si mseto wala antibayotiki ingeyafanya lolote.

Malaria yenyewe imepungua. Kwenye uchunguzi wa kitaifa wa 2007 na 2008, watoto 18 kati ya 100 walikuwa na vimelea; ule wa 2022 ulikuta kama 8. Huku Kanda ya Ziwa bado ipo, Geita na Kagera wanaijua vizuri, na hakuna anayesema mtu wa Sengerema mwenye homa asipimwe. Tunachosema ni kwamba ugonjwa umepungua, lakini mkono unaouandika haujapunguza mwendo.

Kipimo kipo. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasema kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza, na kile kipimo cha haraka cha mistari kimefika mpaka zahanati za vijijini. Tulifurahi. Kumbe furaha ilikuwa na masharti. Kipimo kikisema hapana, unaambiwa: "Haijaonekana, lakini dalili ni zenyewe, meza tu." Sasa damu mlituchukulia ya nini?

Kikisema ndiyo, nako kuna hadithi. Kipimo hicho hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta protini anayoiacha kwenye damu, na protini hiyo hukaa wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Mtu amemaliza mseto vizuri kabisa, wiki ya pili yake anapata mafua, anarudi, anapimwa, mistari miwili. "Hii malaria yako ni sugu," anaambiwa, na anapewa mseto wa pili, au anapandishwa daraja la sindano. Hadubini ndiyo ingekata ubishi, kama umeme upo na kama mtu wa maabara hajaenda semina. Na swali moja tu, "ulimeza mseto lini mara ya mwisho?", lingetosha kumfanya daktari asite. Swali halina gharama. Halihitaji hata betri.

Tuje kwenye kumeza kwenyewe, maana ndiko tunakoshitakiwa. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Kumeza vinne kwa mkupuo hakutushindi. Kinachotushinda ni saa. Dozi ya pili inatakiwa ifuate masaa manane baada ya ile ya kwanza, kisha siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni. Aliyetoka dirisha la dawa saa tisa alasiri akameza palepale, ya pili yake ni saa tano usiku. Nani kamwambia? Kwenye bahasha pameandikwa "4x2" kwa kalamu inayoishiwa wino. Mmoja anameza saa moja jioni na chakula, mwingine anaacha mpaka asubuhi, wa tatu anaona heri ameze vyote vinane mara moja amalize kazi ya siku.

Halafu kuna mafuta. Dawa mbili zimo ndani ya kidonge kimoja. Ile ya artemisinini inapiga haraka na kutoweka. Lumefantrini inabaki mwilini siku kadhaa kuwamaliza waliosalia. Hii lumefantrini haifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta. Si lazima pilau. Kikombe cha maziwa kinatosha, au uji wenye karanga, au dagaa waliokaangwa. Ukimeza kwa chai ya rangi kwa sababu homa imekukata hamu ya chakula, sehemu kubwa ya dawa inapita na kwenda zake. Sisi tunaishi kando ya ziwa lenye sangara wa mafuta yanayochuruzika mpaka kiwikoni, tungekosaje kipande cha kumezea dawa? Kama tungeambiwa. Tunachoambiwa ni "baada ya kula", basi, na anayekula ugali kwa mlenda uliopikwa bila tone la mafuta naye ameshakula.

Na kutapika. Mtoto akitapika dawa ndani ya nusu saa, anatakiwa arudishiwe dozi ileile. Arudishiwe ipi? Boksi lina vidonge kamili vya dozi, hakuna cha ziada. Mama anachukua cha kesho anampa leo, siku ya tatu vidonge vinaisha asubuhi, jioni hakuna kitu. Akiulizwa, jina lake litakuwa lilelile: mwananchi asiyemaliza dozi.

Kuhusu sindano tuna hasira zaidi, na hapa zahanati binafsi za vichochoroni zinahusika kuliko za serikali. Artisuneti ya sindano ni dawa nzuri sana mahali pake. Utafiti wa watoto wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, uliochapishwa 2010, ulionyesha kuwa inapunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na kwinini. Ni dawa ya mtoto anayepata degedege, ya aliyezimia, ya asiyeweza kumeza. Sasa mtaani anachomwa mtu aliyekuja kwa miguu yake, amepaki bodaboda nje, simu sikioni. Leo asubuhi, leo jioni, kesho asubuhi, sindano tatu, pesa mkononi, "umepona baba, nenda salama". Hakuna aliyemwambia kwamba baada ya sindano ni lazima ameze dozi nzima ya mseto, siku tatu, kwa sababu artisuneti inatoka kwenye damu ndani ya saa chache na inaweza kuacha masalia. Wiki tatu baadaye homa hiyo imerudi. Wapo wenzetu wanaoona hawajatibiwa kama hawajachomwa, hilo tunalijua, tunaishi nao. Lakini kazi ya daktari ni kumkatalia mgonjwa pia. Fundi gari anatukatalia kila siku, tena bila cheti.

Wakubwa wetu wanaikumbuka klorokwini na muwasho wake. Mtu alijikuna viganja na nyayo usiku kucha, wengine wakaona heri homa yenyewe. Ilipoacha kufanya kazi tukapewa SP mwaka 2001, vidonge vitatu mara moja na biashara imekwisha. Nayo haikukaa, na mwishoni mwa 2006 ukaanza kuingia mseto. Kila zamu tulisomewa shitaka lilelile: hamkumaliza dozi. Jamani, SP ilikuwa ya mara moja! Mtu anakatishaje dozi ya mara moja?

Mwaka huohuo wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilikuwa linawasihi watengenezaji waache kuuza vidonge vya artemisinini peke yake bila dawa mwenzake, kwa sababu ndivyo vimelea vinavyofundishwa usugu. Vidonge hivyo vilikuwa kwenye maduka yetu, vimepangwa vizuri, vina rangi za kuvutia. Aliyevipitisha bandarini si muuza mchicha wa Mabatini. Na mwanasayansi wa China aliyeitoa artemisinini kwenye majani, mama Tu Youyou, alipewa Nobel mwaka 2015. Yeye Nobel, sisi bahasha isiyosomeka.

Sasa habari zinatoka Kagera. Karagwe wamethibitisha vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, yaleyale waliyoyaona Rwanda na Uganda. Mseto bado unaponya, wanasema wataalamu, kwa sababu lumefantrini inashika zamu pale mwenzake anapolegea. Kwa hiyo dawa inayotubeba hivi sasa ni ile inayotaka mafuta, ileile ambayo hakuna mwenye muda wa kutueleza namna ya kuimeza. Mkisikia mseto nao umechoka, mtaandaa kipindi cha redio, na tunajua mtamsema nani.

Amiba tumweke mahali pake. Hakuna mdudu anayeandikwa sana kwa ushahidi mdogo namna hii. Kwenye hadubini amiba mbaya anafanana na ndugu yake asiye na madhara yoyote, anayekaa tumboni mwa watu wengi bila kesi. Ili usomaji uwe na maana, choo kinatakiwa kitazamwe kikiwa kipya, ndani ya nusu saa hivi, mdudu akiwa bado anatembea. Chetu kinaachwa kwenye dirisha la maabara tangu asubuhi, kikopo juu ya kikopo, jua likikipiga. Mchana kinasomwa, na jibu linatoka lilelile.

Basi unapewa Flagyl. Haijalishi unaharisha damu au umekula maharage yaliyolala. Ladha ya chuma mdomoni, mkojo umekolea rangi, kichefuchefu. Hakuna aliyekutahadharisha, unadhani dawa inakuua, siku ya tatu unaiweka kando. Onyo la pombe limeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi, kwa herufi ndogo za Kiingereza. Nesi anayelitamka kwa mdomo, vijana wanadhani ni ulokole wake. Na hata ukimaliza siku zote, Flagyl inawapiga walioingia kwenye nyama ya utumbo, lakini wale waliojifungia kwenye magamba yao tumboni wanatakiwa wafuatwe na dawa nyingine, diloksanaidi. Wengi wetu hatujawahi kuiona hiyo dawa wala kusikia ikitajwa dirishani. Ndipo tunapokuwa na "amiba wa kudumu", mtu anatembea naye miaka na Flagyl zake mfukoni, kila harusi anameza mbili kwa tahadhari.

Upele ni mfupi kuusema. Mtoto mmoja anakwenda na upele unaowasha usiku, anaandikiwa chupa moja ya BBE, dawa ya kupaka. Wanalala watatu kitanda kimoja, na mama na baba chumba cha pili. Ukimpaka mmoja umewapumzisha wadudu wahamie kwa kaka yake. Kitabu chochote cha tiba kitakwambia wapakwe wote siku moja, nguo na mashuka yafuliwe. Chupa moja, watu watano. Hesabu hii hata darasa la pili wanaikataa.

Mtatuuliza kwa nini tunakimbilia dukani. Tunakimbilia dukani kwa sababu dirisha la dawa limesema "hii hatuna, kanunue nje". Tulilipa bima ya CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na bado tulitumwa nje. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, ndiyo yametuokoa wengi, na tuseme ukweli, dada wa dukani anaeleza vizuri kuliko daktari. Anakuita mama, anauliza mtoto ana kilo ngapi, anakuandikia saa. Ila naye ni mfanyabiashara.

"Dada, nina elfu moja tu."

"Basi ngoja nikukatie za elfu moja, ukipata nyingine urudi."

Anachukua mkasi, anakata pakiti katikati ya vidonge, krap. Jina la dawa na tarehe ya mwisho vinabaki kwenye kipande cha dukani. Dozi imekatishwa hadharani, kwa chombo cha chuma, kabla hatujafika nyumbani kuikatisha wenyewe. Wakati mseto wenye alama ya jani la kijani ulipoletwa kwa ruzuku, kuanzia 2010, bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi 1,000 dozi nzima, na mkasi ukapumzika. Ruzuku ile imepita. Mkasi upo.

Minyoo na kichocho tumewaachia walimu. Hilo halina ubaya. Mwalimu anawajua watoto kuliko mtu yeyote. Watoto wanapangwa mstari, wanasimamishwa kwenye ufito wenye alama, urefu wa mtoto unaonyesha idadi ya vidonge vya prazikwanteli, na cha minyoo, albendazoli, ni kimoja cha kutafuna. Dawa ya kichocho ni kidonge kikubwa, kichungu, na kikikuta tumbo tupu kinaleta kichefuchefu, kizunguzungu na tumbo kukata. Kwa hiyo mtoto anatakiwa awe amekula. Mtoto wa Nyakato aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu bila hata chai, amekula saa ngapi?

Morogoro mwaka 2008 yalitokea ya kutokea. Watoto walipewa dawa hizi shuleni, wazazi hawakuelezwa vya kutosha, uvumi ukaenda mbio kwamba dawa ni mbovu, ni bandia, ni za kuwafunga watoto uzazi, na shule zikavamiwa na wazazi wenye hasira. Dawa ilikuwa halali na nzuri. Viongozi wakasema wananchi hawana elimu. Kweli hatuna, na mwenye elimu alitakiwa aitoe kabla ya kutoa vidonge.

Hata albendazoli yenyewe, tumeze kwa moyo mweupe, lakini mayai ya mnyoo mkubwa yanakaa udongoni miaka na yanamsubiri mtoto palepale nyuma ya choo cha shule kisicho na mlango wala maji ya kunawa. Mwaka unapozunguka mstari unapangwa tena. Wenye misaada wanahesabu vidonge vilivyomezwa, na kila mwaka vinaongezeka, na wanapigiana makofi. Hakuna anayekuja kuhesabu mabomba.

Kuna wale minyoo wembamba weupe wanaowawasha watoto usiku, nao wana kanuni yao: nyumba nzima imeze, na baada ya wiki mbili irudie. Tumeyajua haya kwa mama mmoja mkunga mstaafu wa mtaani, anayetibu kwa maneno tu siku hizi. Kliniki hatukuyasikia.

Lakini kinachotuuma kuliko vyote ni kichocho cha wakubwa, na cha wanawake hasa. Kando ya ziwa kichocho chetu ni cha matumbo. Vijiji vya ndani, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, ni cha mkojo. Hiki cha mkojo kwa mwanamke hakiishii kwenye kibofu. Mayai yanakwama kwenye njia ya uzazi, yanaleta vidonda, uchafu, maumivu, damu baada ya tendo. Mwanamke anakwenda zahanati anaeleza hayo kwa aibu, sauti ya chini, mlango uko wazi na benchi linasikiliza. Anaandikiwa dawa za magonjwa ya zinaa na anaambiwa: "Mlete na mumeo." Mume anakuja anatibiwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Wanarudi nyumbani kila mmoja anamtazama mwenzake. Dalili hazipungui, kwa sababu dawa haikuwa yenyewe, na mara ya pili anaambiwa mumewe bado anatembea nje, au mume anaambiwa mkewe ndiye. Tunazijua nyumba zilizovunjika kwa ugonjwa huu wa konokono wa majini. Swali lilikuwa moja tu: "Mama, unalima majarubani? Maji unachota wapi?"

Wanawake wa dagaa nao wanaingia ziwani mpaka magotini kila alfajiri kupokea mitumbwi. Prazikwanteli inawaua minyoo waliokomaa, hao wachanga inawaacha, na kesho yake maji ni yaleyale. Kwa hiyo wanahitaji kumeza, na kurudia, na kuelezwa kwa nini wanarudia. Watoto wao wa mgongoni ufito haukuwahusu kabisa. Kidonge cha watoto wadogo, kinachoyeyuka kwenye maji, kilipata baraka za wakaguzi wa dawa wa Ulaya mwishoni mwa 2023, na tukakisubiri kwa hamu huku kwenye mwalo. Na cha wakubwa? Dawa nyingi inaletwa kwa msaada, na msaada umeandikwa jina la shule. Ukienda zahanati kuuliza, unaambiwa zilikuja za wanafunzi na zimekwisha, subiri kampeni.

Mama wa dagaa ana kilo sitini na miaka arobaini. Mnataka aandikishwe darasa la nne ndipo apate vidonge vyake vinne?